Udongo Ulio Wazi na Maji Tunayokunywa
Mhadhara kwa wakulima na wakazi wa Dundori

 

Nimeombwa nizungumzie kilimo, misitu na usafi wa maji. Nitataja hoja yangu mapema ili kila mtu aipime ninapoendelea. Maji ya Dundori hayachafuki kwa sababu watu wanalima, wala hayawi safi kwa sababu tu kuna msitu mahali fulani juu yetu. Yanachafuka ardhi inapoachwa wazi, bila majani, bila mizizi wala matandazo, wakati mvua inanyesha, na pale maji yanayotiririka yanapopata njia ya mkato hadi kijitoni. Shamba lililofunikwa vizuri laweza kutoa maji masafi. Msitu uliokatwa ovyo waweza kutoa tope. Basi swali la kujiuliza ni hili: udongo wangu hukaa wazi wiki ngapi kwa mwaka, na maji yanayotoka kwangu hupitia wapi?

Maji yetu huenda wapi

Miinuko ya Bahati na Dundori ni ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa hapa Nakuru. Mvua inayonyesha juu hapa hugawanyika. Sehemu yake hushuka upande wa bonde: mito ya Mereroni na Mbaruk huelekea Ziwa Elementaita, na Ngosur hushuka kutoka Bahati kuelekea Ziwa Nakuru. Sehemu nyingine huangukia upande wa Nyandarua, ambako chemchemi na vijito vya vilima vya Dundori na ukingo wa Satima hulilisha Ziwa Ol Bolossat. Kutoka Ol Bolossat huanza Ewaso Narok, mto unaoporomoka kwenye maporomoko ya Thomson pale Nyahururu, kisha ukaungana na Ewaso Ng'iro ya Kaskazini na kuwafikia wafugaji wa nyanda kavu. Kwa hiyo jembe likipigwa hapa, wanaoguswa na matokeo yake wako pande mbili, na wengi wao hatutakutana nao kamwe.

Upande wa bonde kuna jambo la kuangaliwa zaidi. Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita hayana mto wa kutokea. Maji huingia, kisha hupanda hewani kwa joto la jua, lakini tope, mbolea na chumvi zilizokuja nayo hubaki. Maziwa hayo mawili pamoja na Bogoria yaliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kwa ajili ya ndege wake na uhai wake usio wa kawaida. Chochote tunachokiruhusu kishuke kutoka huku hakipiti tu pale ziwani. Huishia pale.

Kuna sababu nyingine ya kuyatunza maji haya, nayo inagusa meno ya watoto wetu. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floridi, na visima vingi virefu vya Nakuru hutoa maji yenye floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akinywa maji hayo kwa miaka mingi meno hugeuka rangi ya kahawia, na floridi ikizidi sana hudhuru hata mifupa. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imefanya kazi kubwa ya kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ili kuipunguza. Floridi hiyo haikuletwa na mkulima, imo kwenye mwamba. Lakini maji ya vijito vya huku juu, ambayo hayajakaa muda mrefu ndani ya mwamba huo, kwa kawaida huwa na floridi kidogo. Hayo ndiyo maji mbadala tuliyojaliwa. Tukiyajaza tope na dawa, tunawaachia watu wa bondeni kuchagua kati ya kisima chenye floridi na mto mchafu.

Mvua ya kwanza

Udongo wetu wa volkano ni mwepesi, una matundu mengi, na ukiwa umefunikwa hunywa maji kwa wingi. Ukiachwa wazi, mambo hubadilika. Tone la mvua hupiga chembe za udongo zikasambaratika, chembe ndogo zikaziba matundu, na juu kukawa na utando mgumu ambao maji hayapenyi. Mvua ya milimita 30, ambayo si ajabu kuipata alasiri moja mwezi wa Aprili, humwaga lita zaidi ya 120,000 kwenye ekari moja. Zisipoingia ardhini, zitateremka, na hazitateremka mikono mitupu. Mkiondoa milimita moja tu ya udongo kwenye ekari moja, mmepoteza karibu tani 4. Hakuna macho yatakayoiona milimita hiyo shambani. Mtaiona mtoni.

Sasa tazameni kalenda yetu. Mvua ndefu huanza Machi. Mkulima wa viazi huwa amelima na kulainisha udongo kabla ya hapo, ili mbegu ya viazi aina ya Shangi iingie ardhini mvua ikianza. Majani huchukua mwezi na zaidi kuziba nafasi kati ya mistari. Katika mwezi huo mvua ni kali na udongo ni laini na uko wazi. Karoti huzidisha jambo hilo: mbegu yake ni ndogo, kitalu chake sharti kiwe laini kabisa, mche hukua polepole, na siku ya kuvuna ardhi yote huchimbuliwa. Na kama mistari imeelekezwa chini ya mteremko kwa sababu ni rahisi kulima hivyo, kila mfereji kati ya matuta unakuwa mtaro wa kupeleka udongo mtoni.

Udongo huo hausafiri peke yake. Gunia la kilo 50 la mbolea ya DAP lina kilo 9 za naitrojeni na karibu kilo 10 za fosforasi. Virutubisho hivi viwili vina tabia tofauti, na anayezijua ataokoa pesa zake na kulinda maji. Fosforasi hushikamana na chembe za udongo, hasa udongo wa volkano kama wetu. Haisafiri mpaka udongo usafiri. Kwa hiyo anayezuia mmomonyoko amezuia fosforasi kufika ziwani, ambako hulisha mwani na kuvuruga uhai wa maji. Naitrojeni ikigeuka kuwa naitreti hufanya kinyume: huyeyuka na kuzama hadi kwenye maji ya chini, yale yanayotoka kwenye visima na chemchemi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, kwa sababu ikizidi huzuia damu ya mtoto mchanga kubeba hewa. Dawa ya naitreti ni kuipa mimea mbolea kidogo kidogo wakati mizizi ina njaa, badala ya kumwaga mbolea ya CAN yote mara moja kabla ya mvua kubwa.

Kisha kuna dawa za kunyunyizia. Ugonjwa wa baridi wa viazi, ule wa ukungu unaounguza majani, huwafanya wakulima wanyunyizie dawa kila wiki mvua inapokaza. Nyingi ya dawa hizo zina mankozebu. Mankozebu ikioza hutoa kemikali nyingine inayoyeyuka katika maji, na Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutoidhinisha tena dawa hiyo kwa sababu ya hofu ya kiafya. Sisemi mkulima aache viazi vyake vife. Nasema anyunyizie kwa kipimo, asinyunyizie mawingu yakiwa yametanda, na apande mbegu safi inayostahimili ugonjwa kila anapoipata.

Mwisho kuna vijidudu. Ng'ombe anayeingizwa kijitoni kunywa maji huacha kinyesi mle mle. Samadi mbichi iliyorundikwa ukingoni huoshwa na mvua ya kwanza. Na tope lenyewe huwakinga vijidudu: mama akitia dawa ya klorini kwenye mtungi wa maji yenye tope, dawa hushughulika na uchafu kabla haijawafikia. Hivyo udongo uliotoka shambani kwa jirani wa juu unaweza kumharisha mtoto wa jirani wa chini, hata kama hakuna sumu ndani yake.

Msitu nao una hesabu yake

Wengi mnalima msituni, au wazazi wenu walilima. Mfumo wa shamba, ambapo familia hupewa kipande kilichovunwa miti, hupanda chakula kati ya miche na kuitunza mpaka ikue, ulianza nchini mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali iliupiga marufuku mwaka 1987. Ulirejea baadaye, na kufuatia Sheria ya Misitu ya 2005 ukapewa sura mpya inayojulikana kama PELIS, chini ya Shirika la Huduma za Misitu na vyama vya jamii vya msitu. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti, na Julai 2023 Rais alitangaza kuondoa katazo hilo, jambo ambalo lilifikishwa mahakamani. Mabishano haya huulizwa kila mara kwa namna moja: watu waingie msituni au watolewe? Kwa upande wa maji, swali hilo halitoshi.

Afrika Mashariki ilifanya uchunguzi wa athari za misitu na kilimo kwa maji mapema kuliko sehemu nyingi za dunia. Katika miaka ya 1950, wanasayansi wakiongozwa na H. C. Pereira walipima mabonde madogo kwa miaka mingi. Huko Kimakia, kwenye Aberdare, walikata msitu wa mianzi wakapanda misonobari, na wafanyakazi wa msitu wakalima mboga kati ya miche, sawasawa na mfumo wetu wa shamba. Huko Sambret karibu na Kericho msitu wa asili uligeuzwa kuwa chai. Huko Mbeya, Tanzania, bonde lililolimwa na wakulima wadogo lililinganishwa na bonde la msitu. Kimakia, mkondo wa maji uliongezeka miche ilipokuwa midogo, kisha misonobari ilipofunga matawi ikarudia kutumia maji kama mianzi ilivyokuwa ikitumia. Na kule Mbeya udongo wa majivu ya volkano uliokuwa na matundu mengi ulinyonya mvua vizuri hata ulipolimwa. Kazi hizo zilihusu zaidi wingi wa maji, lakini zinatufundisha mambo mawili. Hatari iko katika kipindi cha mpito, kati ya kukata na kufunika. Na uwezo wa udongo kunyonya maji ndio mali ya kwanza ya kulindwa.

Nimepita kwenye vipande vya msitu vilivyovunwa hapa juu baada ya mvua. Kati ya mashina yaliyobaki maji hayakuwa mengi, kwa sababu matawi na majani makavu yalikuwa yametanda chini. Lakini pale trekta lilipoburuta magogo ya msaipresi kushuka mlima, ardhi ilikuwa imeshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu, na maji mekundu yalikuwa yakishuka kwenye alama za magurudumu moja kwa moja hadi kijitoni. Mti uliokatwa haukuleta tope lile. Njia iliyochorwa vibaya ndiyo iliyolileta. Magogo yangeburutwa kwenda juu kwenye barabara, au njia ingekatwa kwa kukingamisha mteremko na kuwekewa matuta ya kuelekeza maji majanini, kijito kingebaki safi.

Hilo halinifanyi nidharau ukubwa wa uharibifu wa misitu yenyewe. Upande wa pili wa bonde, mwaka 2001, hekta zaidi ya 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa kwenye hifadhi, zaidi ya nusu ya msitu ule. Mto Njoro unaoanzia huko, ambao wazee wanaukumbuka ukitiririka mwaka mzima, sasa hukauka sehemu za chini wakati wa kiangazi, na mvua ikija huleta mafuriko ya tope hadi Ziwa Nakuru. Mau inatuonyesha kinachotokea kipindi cha mpito kisipokwisha.

Penye kuoshea karoti

Kuna mahali pengine ambapo maji huchafuliwa, na mvua haina hatia hapo. Siku ya soko, kwenye vivuko vya vijito vya miinuko hii na Nyandarua, mtaona vijana wakiosha karoti. Magunia hushushwa majini, karoti humwagwa, vijana huzikanyaga na kuzisugua mpaka zing'ae, maana mnunuzi wa mjini hataki karoti yenye udongo. Mita chache chini maji yamegeuka kahawia, na mara nyingi mita chache tena chini kuna mtu anachota kwa mtungi, au mwingine anajaza pampu yake ya mgongoni na kuisuuza papo hapo.

Ni kazi halali na inalisha nyumba nyingi. Lakini kuihamisha hakuhitaji utaalamu mkubwa. Tangi, sakafu ya saruji, na shimo la kutulizia tope mbali na ukingo vyatosha. Maji yaliyotulia yanarudi shambani, na udongo ulioshuka shimoni ni rutuba inayorudi ilikotoka. Pampu ya dawa nayo isuuzwe shambani, na maji yale yanyunyiziwe kwenye mimea ile ile.

Yaliyo mikononi mwetu

Naomba tuanze na ukingo wa mto. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ndani ya ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kwa kutegemea upana wa mto. Najua kwa mwenye robo ekari mita 6 ni chakula. Lakini ukanda huo si lazima ukae bure. Pandeni matete na nyasi za kukata kwa ajili ya ng'ombe, mianzi, na miti ya asili. Nyasi nene hupunguza mwendo wa maji, tope likatua kabla ya kufika mtoni. Mikaratusi isikae hapo. Hunywa maji mengi, na chini yake mara nyingi hakuoti nyasi ya kushika udongo.

Pili, mteremko. Kanuni za matumizi ya ardhi ya kilimo za mwaka 1965 zilitaka mashamba yenye mwinuko wa asilimia 12 hadi 35 yawekewe kinga za udongo, na yanayozidi 35 yasilimwe bila idhini. Makinga maji ya fanya juu, ambapo mkulima huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, yamesimamisha ardhi ya Machakos, na hapa yanaweza kufanya hivyo hivyo. Mkipanda matete juu ya tuta, mmepata malisho na tuta limepata mizizi. Mistari ya viazi ikingame mteremko. Baada ya kuvuna msiache shamba tupu: njegere, shayiri au maharagwe yatalifunika mpaka msimu ujao.

Tatu, njia na barabara. Lami kutoka Lanet kupitia Dundori imetufungulia soko, na mitaro yake hukusanya maji ya mashamba mengi kuwa mkondo mmoja wenye nguvu. Maji hayo yagawanywe mapema, yaelekezwe kwenye vidimbwi na nyasi, kabla hayajapata mbio.

Nne, msituni. Vyama vya jamii vina haki ya kuuliza maswali kabla ya kuvuna: kipande ni kikubwa kiasi gani, kitakatwa mwezi gani, njia ya magogo itapita wapi, miche itapandwa lini? Kipande kidogo kilichokatwa kiangazi na kupandwa mvua inapoanza hakina madhara ya mlima mzima uliokatwa Machi.

Nani alipe

Hapa nasema na wenzetu wa mjini pia. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021. Sehemu ya maji yake hutoka kwenye visima vya Kabatini, chini ya miinuko hii, na kwenye mito inayoshuka kutoka huku. Mkulima wa juu akichimba makinga maji, jasho ni lake, na faida kubwa humfikia mwenye bomba. Si haki kumtaka alibebe jambo hili peke yake.

Jirani zetu wa Naivasha wamekwisha kujaribu kugawana mzigo huu. Kwa msaada wa mashirika ya WWF na CARE, chama cha watumiaji maji wa ziwa, kinachojumuisha wenye mashamba ya maua, kilianza kuwapa wakulima wa nyanda za juu za Mto Malewa vocha za pembejeo ili watengeneze matuta na kupanda nyasi kwenye kingo. Mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi kwa wazo hilo hilo. Hata jiji la New York, ambalo maji yake mengi hayapiti kwenye mtambo wa kuchuja, liliingia mkataba mwaka 1997 na jamii za milima ya Catskill, likigharamia kinga za mashambani kwa sababu ni nafuu kuliko kujenga mtambo. Matajiri wale walipiga hesabu wakaona mkulima ni mshirika. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vya watumiaji maji. Tunacho chombo cha kukaa mezani na jiji na kaunti, na kudai kwamba shilingi kadhaa katika bili ya maji zirudi huku juu kama miche, vifaa na mafunzo.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia muache kulima, wala kwamba msitu ufungwe kwa ukuta. Babu zetu wengi walipata mashamba haya kwa kuchanga senti zao katika vyama vya kununua ardhi, na hakuna mwenye haki ya kumwambia mwenye ardhi hiyo akae na njaa kwa ajili ya ndege wa ziwani. Lakini udongo unaoshuka mtoni ni ule ule mlioutolea jasho, na mbolea iliyo ndani yake mliinunua. Anayelinda maji hapa Dundori analinda kwanza shamba lake mwenyewe.

Kwa hiyo naomba kila kundi lililo hapa liondoke na kazi moja ya kufanya kabla ya Machi. Wenye mashamba ya kingoni, pimeni mita zenu 6 na mpande nyasi. Vijana wa karoti, chagueni mahali pa tangi, na viongozi wa wadi muwatafutie saruji. Chama cha msitu, kaeni na afisa wa misitu mchore njia za magogo kabla msumeno haujawashwa. Walimu, wapeni wanafunzi chupa safi wachote maji kijitoni kila wiki ya mvua, wayaache yatulie, na waandike tope lililokaa chini ni kiasi gani. Msimu ukiisha tukutane tena hapa, tuziweke kumbukumbu hizo mbele ya wote, tuone ni mabonde gani yametulia na ni yapi bado yanahitaji mkono wetu.